Waini ya Nyuzi 29

Kipimajoto kilisoma nyuzi 29. Dada aliyekuwa akituongoza kwenye siku ile ya kuonja waini na pizza alikichomoa kwenye glasi, akakifuta, akakipitisha mezani kila mtu ajionee. "Chupa hii haijaanikwa juani," alisema. "Tangu jana iko kabatini, ndani ya nyumba. Waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, si ndivyo mlivyoambiwa? Haya, hili ndilo joto la chumba la Dar es Salaam. Nuseni."

Tukanusa. Kilichotupanda puani ni spiriti. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, aliyekuja na mkewe, alirudisha kichwa nyuma akasema hiyo ni ya kusafishia kidonda. Meza ikacheka. Dada alikuwa tayari anamimina glasi ya pili kutoka chupa nyingine ya waini ileile, ila hii ilikuwa imezamishwa kwenye ndoo ya maji na barafu kwa muda wa kama robo saa. Safari hii kipimajoto kilisoma 16. Tukanusa tena. Spiriti ilikuwa imerudi nyuma, na mbele kulikuwa na harufu ya zambarau zilizoiva mno, zile zinazookotwa chini, na kwa mbali udongo ulionyeshewa.

Sababu yake haina uchawi. Pombe huruka upesi kuliko maji, na kadiri waini inavyopata joto ndivyo pombe inavyowahi kufika puani kabla ya kitu kingine. Hilo agizo la "joto la chumba" lilitoka Ulaya, enzi za nyumba za mawe zisizo na mitambo ya kupasha joto, ambako chumba chenyewe kilikuwa nyuzi 16 hadi 18. Agizo likapanda meli likafika kwetu zima zima. Chumba kikabaki kulekule. Nikafikiria waini nyekundu zote zinazogawiwa kwenye harusi za mji huu, zikitoka kwenye katoni zilizokaa nyuma ya ukumbi tangu asubuhi, na wale mashangazi wanaotia barafu kwenye glasi wakachekwa na vijana wanaojua mambo. Mashangazi walikuwa karibu na ukweli. Dada alisema barafu ndani ya glasi inapoza vizuri ila inaacha maji. Bora ipozwe chupa. Na ndoo iwe na barafu pamoja na maji, maana barafu peke yake inaigusa chupa hapa na pale tu, maji yanaizunguka yote.

Kama ningetoka pale na hilo moja tu, hela ya mume wangu ingekuwa imerudi.

Siku hiyo ilikuwa zawadi yake kwangu. Alilipia viti viwili, kisha kazini wakamtuma Mwanza, nikabaki na kiti cha ziada. Nilimpigia wifi yangu, dada yake. Wifi ni mtu wa swala tano, pombe hajawahi kuigusa wala hana mpango nayo, nikategemea atanikatalia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Pizza za kuni au za umeme?" Nikamwambia za kuni. "Na nguruwe?" Nikapiga simu, nikajibiwa siku hiyo hakuna nguruwe, ni ng'ombe na vitu vya baharini. "Basi nakuja kula, na kukuchunga."

Tulikwenda kwa bajaji hadi Msasani, kwenye nyumba ya zamani yenye bustani na mwembe mkubwa. Yeyote anayepanga siku ya namna hii aliache gari nyumbani. Hata ukitema kila funda, kuna kinachopita. Wifi alipoona meza ndefu imepangwa glasi, aliamkia wazee, kisha akachukua stuli yake akaenda kukaa kando ya tanuri na jagi la juisi ya ukwaju na jingine la rosela. Hakukaa mezani siku nzima. Kwa hiyo mimi niliisoma waini, yeye akausoma moto, na mengi ninayoyajua kuhusu tanuri nimeyapata kwake, maana alimhoji yule fundi mpaka kijana akasahau kunywa chai yake.

Kabla ya waini ya kwanza tuligawiwa majani ya rihani, mawili mawili, na wifi akaletewa yake. "Bana pua, tafuna." Kilichokuwepo mdomoni ni jani tu, uchungu kidogo wa kijani. "Achia." Harufu ikapanda kutoka kooni ikajaza kichwa. Ulimi wenyewe unajua machache: chumvi, sukari, uchachu, uchungu, na ule utamu wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni pumzi inayopitia nyuma ya koo kwenda puani. Ndiyo maana mtu mwenye mafua analalamika chakula hakina ladha, na ndiyo maana glasi ya waini hujazwa robo tu na kuzungushwa. Ile nafasi tupu juu ndiyo nyumba ya harufu. Kutoka kwenye tanuri wifi alipaza sauti kwamba kwao rihani ni ya kikuba, inavaliwa, haitafunwi. Lakini alitafuna.

Tulianza na nyeupe, Chenin Blanc ya Dodoma, imepozwa hadi nyuzi 10. Zabibu hii asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na Afrika Kusini wanailima kwa wingi sana. Dodoma imezoea vizuri. Dada alitufundisha kupima uchachu bila maneno makubwa: onja, meza au tema, kisha inamisha kichwa, usifunge mdomo kabisa, usikilizie mate. Yakija mengi na upesi, uchachu upo. Mdomo wangu ulijaa mara moja. Kwenye nyekundu iliyofuata akatuonyesha kitu kingine, ukakasi, na hapo hakuna Mpwani aliyehitaji maelezo: ni uleule unaoubana ulimi ukila bibo. Unatoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, nyeupe hukamuliwa kwanza maganda yakatupwa, ndiyo maana nyeupe kwa kawaida haibani. Kinachotokea mdomoni ni kwamba tanini, yaani vile vitu vyenye huo ukakasi, zinashikana na protini za mate, ule utelezi unaondoka, ulimi unabaki mkavu.

Nimeandika "tema" kirahisi tu hapa, lakini mezani halikuwa jambo jepesi. Sisi tumelelewa kwamba mtu hatemi mbele ya wenzake, seuze mezani, seuze mbele ya wazee. Kila watu wawili waliwekewa kindoo cha bati, na kwa muda mrefu vindoo vilikaa vikavu. Mke wa mzee ndiye aliyefungua njia: alijifunika kwa leso, akatema kwa adabu zote, akaendelea na maandishi yake. Wengine tukafuata. Mzee mwenyewe aligoma. "Mimi nimelipia. Siwezi kutema hela." Ilipofika waini ya tatu alikuwa anasimulia meli za miaka ya sabini kwa sauti ya gatini, na alipoulizwa ananusa nini alijibu, "Waini." Mkewe akamsogezea maji. Kwa kweli ukinywa kila kitu, baada ya glasi chache ulimi unakuwa mkarimu, kila chupa inakuwa nzuri.

Sasa tanuri. Ni kuba la matofali ya kuhimili moto, nje limekandikwa udongo na saruji, mdomo wake unapitisha sinia. Kijana anayelihudumia ni mtu wa Kilwa, ufundi aliupata Zanzibar kwa Mwitaliano mmoja. Moto aliuwasha saa mbili asubuhi, na pizza ya kwanza ilipangwa saa sita. Wifi aliona huo ni ubadhirifu wa kuni hadi alipoelezwa kwamba kinachopika si mwali, ni matofali. Yanachukua muda kushiba joto, na yakishashiba hayaliachii ovyo.

Alipofika yeye kwenye stuli, dari ya kuba ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Kadiri moto ulivyokolea, juu kabisa pakatokea doa jeupe, likatanuka, likashuka pembeni, mpaka kuba lote likawa jeupe. Masizi yenyewe yanaungua yakaisha. Fundi alikuwa na kipimajoto cha kuelekeza mwanga mwekundu, akakielekeza sakafuni kikasoma 430, lakini wifi anasema macho yake yalikuwa juu kwenye ule weupe, si kwenye namba. Kisha akasukuma makaa upande mmoja, akapangusa sakafu kwa kitambaa chenye unyevu kilichofungwa kwenye mti mrefu, akarusha unga mkavu kiasi cha vidole vitatu. Unga ukawa mweusi palepale. Akasubiri. Akarusha tena, safari hii ukageuka rangi ya dhahabu taratibu. Hapo ndipo pizza iliingia.

Kuni zake ni mvinje na mwembe. Mvinje ni mti mzito, unawaka kwa joto kali na makaa yake yanadumu; mwembe anautumia kuwashia na kupandisha mwali pale anapotaka juu kuive haraka. Masika ndiyo adui yake. Kuni yenye maji inatumia moto wake kujikausha yenyewe kwanza, kwa hiyo tanuri linajaa moshi na haliwi jeupe. Anazipanga chini ya bati miezi kabla mvua hazijaanza. Mbao za makreti na za ujenzi hazigusi, hata akipewa bure, kwa sababu ya rangi na dawa zilizopakwa. Moshi huo unapita juu ya chakula cha watu.

Pizza ikiwa ndani, joto linaijia kwa njia tatu kwa wakati mmoja: sakafu inachoma chini, kuba linamulika juu, na hewa ya moto inazunguka kutoka kwenye kuni hadi mdomoni. Upande wa kuni unawahi kuungua, kwa hiyo fundi anaizungusha kwa sepetu ndogo ya duara, anainyanyua karibu na dari kidogo kama jibini haijaanza kutoa madoa, anaitoa. Wifi alihesabu kwa sauti, akafika sekunde themanini na kitu. Fundi akamwambia huko Napoli, Italia, kanuni ni sekunde 60 hadi 90, na kwamba ufundi wa wapishi wao mwaka 2017 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. "Na wa wapika mikate ya kumimina je?" wifi akauliza. Sijui kijana alijibu nini. Nilisikia kicheko tu.

Kuhusu unga, wifi ana maoni, maana chapati zake zinajulikana ukoo mzima. Joto la Dar linaifanya hamira iende mbio. Ukikanda asubuhi kwa kipimo cha kitabu cha Kiitaliano ukaacha mezani, mchana donge limeumuka likapitiliza, linanuka uchachu, ukilivuta linachanika. Fundi anakanda siku moja kabla, maji ya baridi, hamira chembe tu, kisha madonge yanalala kwenye friji. Ladha inajengeka taratibu humo, na unga unalegea wenyewe. Madonge yanatolewa saa chache kabla ya kupika. Halafu hayasukumwi. Mti wa kusukumia chapati unaitoa hewa yote, na hewa ndiyo inayoufanya ukingo uvimbe ndani ya sekunde chache. Anabonyeza katikati kwa ncha za vidole, hewa inakimbilia pembeni, anaubembea unga juu ya ngumi. Wifi alipopewa donge lake, mikono ilikwenda ilikozoea, akalisawazisha lote. "Dada, ukingo usiuguse," kijana akamwambia. Pizza yake ilitoka tambarare, ngumu kidogo pembeni. Aliila yote akasema ina ladha nzuri, na kwamba ukingo unaovimba ni mapambo.

Nyanya zilikuwa za Ilula, Iringa, si za kopo. Zimetolewa mbegu, zimepondwa kwa mkono, chumvi basi, hazikupikwa. Kwa tanuri la moto namna ile zinaiva juu ya pizza zenyewe, na uchachu wake unabaki. Uchachu huo ndio ulioamua waini ya kunywa nazo.

Hapa ndipo siku ilipokuwa tamu. Pizza ya kwanza ilikuwa Margherita: nyanya, mozarela, rihani. (Kuna hadithi kwamba ilibuniwa mwaka 1889 kwa ajili ya malkia wa Italia; wanahistoria wengine wanaitilia shaka, na meza yetu haikujali.) Dada alituambia tujaribu kwanza na nyekundu laini yenye uchachu mdogo. Baada ya nyanya, ile waini ikawa maji. Haikuwa mbaya, ilikuwa imepotea tu. Kisha akatumiminia Chianti, nyekundu ya Toscana, Italia, ambayo zabibu yake kuu ni Sangiovese, yenye uchachu mwingi na ukakasi wa kutosha. Uchachu ulikutana na uchachu, hakuna aliyemmeza mwenzake. Na ukakasi, ambao kabla ya chakula ulikuwa umenikausha ulimi, ulilainika mara tu jibini lilipopita mdomoni. Mafuta, protini na chumvi vya jibini vinaupa ukakasi kazi nyingine ya kufanya.

Mzee akauliza, "Na bia je?" Alitegemea kukemewa. Dada akamjibu kwamba Napoli kwenyewe watu wengi wanakunywa bia na pizza, na hawaoni aibu. Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu sana.

Pizza ya pili haikuwa na nyanya: kamba wa soko la Feri, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, ndimu iliyokamuliwa baada ya kutoka motoni. Chenin ya mwanzo ikarudi mezani, na nadhani hiyo ndiyo ndoa nzuri kuliko zote za siku ile. Sikuandika chochote, nilikuwa nakula.

Ya tatu ilikuwa ya nyama ya kusaga na pilipili mbuzi, na ilikuwa ya mtego. Tuliambiwa tule kipande, kisha tunywe Chianti ileile tuliyokuwa tunaisifu dakika kumi zilizopita. Mdomo uliwaka. Pilipili inaifanya pombe ihisiwe kali zaidi na ukakasi uwe mchungu. Waini ileile ikawa kero. Kijana mmoja wa benki, aliyekuwa ametusomesha kuanzia asubuhi kwamba waini tamu ni ya wasiojua, alikuwa anatoa machozi. Ndipo dada akaleta chupa ya mwisho, nyekundu tamu ya Dodoma, baridi kabisa, ile inayouzwa kila duka na kudharauliwa kwenye kila meza ya wajuzi. Sukari ikauzima moto wa pilipili, baridi ikamalizia. Watu wakaongeza vipande. Kijana wa benki akaongeza glasi, akainywa kimya.

Nina hasira kidogo na hilo la kudharau utamu. Dar watu wengi wanapenda waini tamu, na chakula chetu kina pilipili. Watu wanakula mishikaki na pilipili ya ukwaju, pweza kwa pilipili, chipsi kwa pilipili, halafu wanaambiwa wakue, wanywe kavu, ile isiyo na sukari. Kavu ina mahali pake. Kwenye pilipili mbuzi si mahali pake.

Upande wa pili wa bustani, wifi alikuwa anafanya masomo yaleyale bila tone la pombe, na dada alipoliona hilo alihamishia meza nzima kwake kwa dakika chache. Ukwaju una uchachu wa kutosha kuisimamia nyanya na kuisafisha jibini mdomoni. Rosela ina uchachu na ukakasi kidogo, rangi yake tu ingemdanganya mtu. Wifi alikuwa ameshagundua mwenyewe kwamba ukwaju uliotiwa sukari nyingi unapendeza kwenye pizza ya pilipili na unachosha kwenye Margherita. Alikuwa amechanganya majagi mawili kwa vipimo vyake. Dada alionja, akaomba aongezewe. Sikuwahi kuona mtu wa waini akiandika mapishi ya juisi kwenye daftari lake la kazi.

Dada huyu ni wa Dodoma, upande wa Hombolo, na baba yake ana shamba la zabibu. Zabibu zililetwa huko na wamisionari Wakatoliki karne iliyopita, na leo kuna zabibu nyekundu iliyobeba jina la Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zao hilo. Ndiyo iliyokuwa kwenye glasi zile mbili za kipimajoto. Alichotueleza kuhusu shamba kilinishangaza kuliko harufu zote. Ulaya mzabibu unalala majira ya baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, na anavuna mara mbili: kuelekea Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo anayoyapenda baba yake, kwa sababu mvua haizioshi wala kuziozesha zikiwa mtini. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku unapoa, na huo ubaridi unasaidia zabibu isipoteze uchachu wote kwa jua la mchana.

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba zabibu haisubiri. Ikiiva imeiva. Mnunuzi akichelewa au bei ikianguka, mkulima anabaki na tenga linaloanza kuchuruzika. Kuna msimu nyumbani kwao waliuza barabarani kwa vifuko, abiria wa mabasi wakipitisha mikono madirishani. Meza ilinyamaza hapo, halafu mke wa mzee akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: chupa ya Dodoma tunayoinywa Dar inafikaje?

Kwa lori, kilomita 450 hivi, wakati mwingine mchana. Na hapo tunarudi kwenye nyuzi. Chupa iliyochemka njiani au dukani inapoteza harufu ya matunda, inabaki na ladha ya kitu kilichopikwa, na hakuna ndoo ya barafu itakayoirudisha. Tangu siku hiyo nanunua kwa jicho. Chupa ya dirishani siichukui hata ikiwa na punguzo. Mwanga nao unaharibu. Naangalia kizibo kama kimesukumwa juu kikaivimbisha foili, au kama kuna michirizi iliyokauka shingoni. Nanunua duka lenye mzunguko, ambalo chupa hazikai hadi zikapata vumbi. Sioni tena kifuniko cha kuzungusha kuwa ishara ya unyonge. Kwa joto letu kinaziba vizuri na hakikauki. Yenye kizibo cha mti nailaza. Iliyofunguliwa, hata nyekundu, inarudi kwenye friji na inaisha ndani ya siku mbili tatu. Nyekundu ikiwa imetoka friji, naitoa robo saa hivi kabla ya kunywa, Dar itafanya yaliyobaki.

Nyumbani hatuna tanuri, na mwenye nyumba asingekubali. Wifi hakukata tamaa. Alichukua sufuria zito, akalipasha tupu juu ya jiko la mkaa, akautandaza unga ndani, akafunika kwa mfuniko wa bati, akapalia makaa juu, mengi kuliko ya chini, namna mikate inavyookwa. Chini sakafu, juu kuba. Zilichukua dakika nyingi zaidi ya zile za fundi wa Kilwa, na sufuria la kwanza liliungua upande mmoja hadi alipolizungusha nusu katikati ya safari. Ukingo ulivimba. Hakusema kitu kuhusu mapambo.

Mume wangu aliporudi kutoka Mwanza alikuja na sato kwenye barafu. Wifi anataka achambuliwe, atolewe miiba, awekwe juu ya pizza kwa ndimu na kitunguu saumu, na mimi niliyenunua Chenin naona ana hoja. Mwenye samaki anasema sato ni wa kukaangwa na kuliwa na ugali, na hataki kusikia habari za Napoli. Samaki bado yuko kwenye friza.